Sauti Iliyosoma Hali ya Ziwa

Rubani alimshukuru mtabiri kwa taarifa ambayo mtabiri huyo alikuwa bado hajaisoma.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, feni ikizunguka. Mtabiri wa kituo cha hali ya hewa, mwanamke ambaye watu wote walimwita Mama Mawingu, ndiyo kwanza alikuwa anavuta kipaza sauti asome utabiri wa saa ishirini na nne: kwanza nchi kavu, kisha anga, mwisho ziwa. Rubani wa ndege ndogo akamtangulia. Alisema amemsikia vizuri, upepo shwari, radi hakuna, ahsante dada.

Mama Mawingu alitazama karatasi yake. Alikuwa ameandika radi na upepo mkali kuanzia saa kumi na moja. Akamsahihisha upesi. Rubani akacheka, akamwuliza kama siku hizi ana ndimi mbili. Yeye hakucheka. Ofisi ilikuwa imeanza kunuka tope, lile tope la chini ya maji lililolala miaka, na kiti cha jirani, ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu asubuhi, kilikuwa chepechepe.

Jioni ile mtumbwi mmoja haukurudi. Wenzao wa wavuvi waliopotea walikuja kituoni wakiwa wamenuna, wakasema waliambiwa kwa redio kwamba ziwa limelala. Mkuu wa kituo akasikiliza kinasa sauti. Ilikuwa sauti ya Mama Mawingu, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya kutaja kasi ya upepo. Mama Mawingu aliapa kwamba si yeye aliyesema, akalia. Mkuu hakujua amwamini vipi.

Mdogo wake Mama Mawingu, nahodha wa boti ya abiria, ndiye aliyempeleka kwa bibi mmoja mganga. Bibi aliuliza swali moja tu: je, ameitikia mwito wa mtu asiyemwona? Mama Mawingu akakumbuka. Juma lililopita alishuka ufukweni kusoma kipimo cha kina cha maji, akasikia jina lake likiitwa kutoka ziwani. Alidhani ni mwenye mtumbwi. Akaitika, "Naam."

"Basi ulimpa mwenyewe," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Jini wa maji hana sauti. Huazima ya anayemwitikia. Nyamaza siku saba, hiyo aliyoazima itakauka. Ukisema hata neno moja kabla, ataichukua yote."

Mama Mawingu akanyamaza. Utabiri aliuandika, mkuu akausoma. Nyumbani wanawe aliwaita kwa kuwagusa bega. Siku ya tatu ile sauti ya redioni ikawa inakwaruza, na siku ya tano ikabaki pumzi tu, kama kifua kilichojaa maji.

Siku ya sita, saa kumi alasiri, boti ya mdogo wake ilikuwa katikati ya ziwa na abiria thelathini. Utabiri wa asubuhi ulikuwa shwari, lakini sasa kwenye skrini ya rada wingu lilikuwa limeinuka magharibi, jekundu, likikimbia. Mkuu alikuwa juu ya mnara wa vipimo. Simu za mkononi hazikushika mtandao kule majini. Redio ikakoroma.

"Kituo, upepo umegeuka. Niendelee kisiwani au nirudi?"

Kabla Mama Mawingu hajanyanyua mkono, kitu kilivuta pumzi nyuma ya shingo yake, pumzi ya uvuguvugu yenye harufu ya tope na samaki waliooza, na maji yakaanza kumtiririka mgongoni ndani ya nguo kavu, na alipotaka kugeuka shingo ikakataa, na ile sauti yake mwenyewe, inakwaruza lakini inabembeleza kama ya mtu anayemlaza mtoto, ikapita juu ya bega lake ikaingia kwenye kipaza sauti.

"Endelea, mdogo wangu. Ziwa limelala."

Mama Mawingu akafumbua kinywa.

"Usinisikilize mimi wala huyo," alisema. "Geuka, tazama magharibi kwa macho yako."

Redioni akasikia injini ikinguruma kwa nguvu, na abiria wakipiga kelele kwa mbali, na mdogo wake akiwaambia washike vyuma, wanarudi.

Boti ilifunga kamba gatini dhoruba ikiwa nyuma yao kama ukuta. Watu wote thelathini walishuka wazima. Nahodha alipanda ngazi za kituo mbio, amelowa, akamkuta dada yake amesimama katikati ya chumba. Akamkumbatia, akamwuliza yu hali gani.

Dada alifumbua kinywa. Midomo ilicheza, koo likapanda na kushuka. Hakikutoka kitu.

Mezani, kwenye redio ambayo hakuna aliyeigusa, sauti yake ikajibu, safi, nzima, bila mkwaruzo wowote.

"Mzima kabisa, mdogo wangu. Na kesho ziwa litakuwa shwari."