Uso wa Kaupa Ukutani

Saa saba mchana. Chumba cha nyuma cha gereji, mtaa wa Hohola.

Kaupa aliichora ramani juu ya meza kwa chokaa ya kutafunia popoo. Jumba la maonyesho. Mlango mmoja, kumbi mbili. Wachoraji wanane wametundika kazi zao humo, na kati ya picha zote alitaka moja tu.

"Si ya kuuza," alisema. "Ya kuchoma."

Picha yenyewe ilikuwa uso wake. Miezi michache nyuma alimpiga risasi mlinzi wa duka pale Boroko. Ng'ambo ya barabara binti mmoja alikuwa amekaa akiwachora akina mama wauza viazi vitamu. Binti akageuza karatasi, akamchora yeye: bunduki mkononi, na sikio lake lililoliwa na moto. Sasa saa kumi mkuu wa polisi angekuja kufungua maonyesho. Angesimama mbele ya sikio lile, na mji mzima unalijua ni la nani.

Binti huyo ni Idau. Na Idau ni dada yake Vagi, dereva wa genge. Balaa gani hiyo!

"Picha ikipatikana?" Vagi aliuliza.

"Dada yako hakuona kitu."

"Isipopatikana?"

Mondo, mshika bunduki, alitema mate mekundu ya popoo ukutani. "Dereva, mbona unauliza na jibu unalo?"

Kaupa akamwambia Mondo jambo kwa lugha yao ya milimani. Wakacheka wote wawili; huko kwao wa lugha moja ni ndugu, hanyimwi kitu. Vagi ni mtu wa pwani. Miaka yote anawaendesha, na lugha ile hajaambulia hata neno.

Saa tisa kasorobo. Mbele ya jumba la maonyesho.

Kaupa alibaki garini. Uso wake haungeweza kuingia humo mara mbili. Vagi na Mondo walijifunga vitambaa, wakasukuma mlango.

Wachoraji walikuwa wanapanga viti. Mmoja alikuwa juu ya ngazi na nyundo.

"Chini! Wote chini! Atakayepiga kelele namtoboa!" Mondo akafoka.

Wakalala sakafuni. Wa kwenye ngazi alishuka polepole huku akimwita Yesu kwa sauti.

Idau hakulala. Alimtazama Vagi, kitambaa na yote. Kaka yako utaacha kumjua kwa kitambaa? Akaenda mwenyewe ukutani, akaitungua picha, akaja kumkabidhi.

"Chukua, kaka," alinong'ona. "Aibu utamwachia mama."

"Nyamaza, Idau. Nakuokoa."

"Kwa hii? Hii ni chapa, mjinga wee. Nilichonga ubao, nikaupaka wino, nikagonga ishirini kama mtu anavyogonga muhuri. Vidoti vyekundu pale ukutani huvioni? Kila kidoti mtu kanunua yake kabla hata ya ufunguzi. Nyingine zimeshapelekwa majumbani."

Vagi aliikwapua picha. Alitamani kumziba mdomo kwa kiganja. Lakini Mondo alikuwa ameshageuka.

"Kasema ishirini?"

"Kasema upuuzi. Twende!"

Saa tisa. Barabara ya ufukweni, kuelekea Koki.

Kaupa alivunja kioo cha picha kwa goti, akautoa uso wake. Akautazama. Wallahi, alipendezwa.

"Kanipatia," alisema. "Ana mkono, huyu mtoto."

"Bosi," Mondo akasema, "ziko ishirini. Zimeshauzwa."

Kaupa hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Vagi.

"Ulijua, dereva?"

"Nimejua sasa hivi, bosi. Haki ya Mungu."

"Ishirini siwezi kuzichoma. Lakini aliyeniona ni mmoja. Bila yeye, ni karatasi tu. Geuza gari."

"Bosi, ulisema hakuona kitu..."

"Geuza!"

Mtoto huyo, Vagi ndiye aliyembeba mgongoni tangu baba yao alipozikwa. Alimpenda kuliko roho yake mwenyewe. Mbele yao yalikuwa yanakuja magari mawili ya polisi, yametangulia kumlindia mkuu wao jumba. Vagi hakugeuza. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akalivaa lile la kwanza.

Vyuma. Vioo. Risasi. Mondo alikufa kabla hajafungua mlango. Kaupa na Vagi waliburutwa wakalazwa kwenye lami, pingu mgongoni, wakitazamana.

"Umeniuza," Kaupa alisema.

"Nimekuuza, na ningekuuza tena. Sasa humgusi."

Konstebo mmoja alipiga goti kumpekua mifuko. Kaupa akamsemesha kwa lugha ya milimani, taratibu, kama mtu anayemwuliza shemeji yake habari za nyumbani.

Konstebo akasimamisha mikono. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akajibu kwa lugha ile ile, kumbe naye ni mtu wa milimani.

Waliongea kidogo tu. Vagi alikaza masikio, damu ikimwingia machoni. Katika maneno yote yale alielewa moja tu. Lilitoka kinywani mwa konstebo, aliyelirudia mara mbili asije akalisahau: Idau.