Mzigo Usiokubali Kufungwa

Walipofika Mkuyuni, Winfrida, dereva wa lori, alishuka kukagua mzigo, akakuta mkanda wa nyuma umekunjwa. Haukukatika wala haukulegea. Ulikunjwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, ukawekwa kando ya gogo.

"Mjomba Pazi, huu mkanda umeufungua wewe?"

"Mimi nimeshuka saa ngapi, mwanangu?"

Kweli hakushuka. Pazi, fundi wa kufunga mizigo na mzaliwa wa Matombo huko huko walikotoka, alikuwa ndani ya kabini muda wote. Winfrida akasonya. Lori la flatibedi halina kuta. Kinachozuia gogo la mvule lisimwangukie mtu ni mikanda na minyororo tu. Minyororo aliiomba tangu mwaka jana. Tajiri, mwenye lori, akasema inakwaruza mbao, akanunua mikanda ya bei chee. Mwezi uliopita mikanda hiyo ilikatika, mbao zikamwagika barabarani, na lawama akabebeshwa dereva. Aliambiwa mzigo ukidondoka tena, aache ufunguo. Miaka sita alihangaika mpaka mwanamke akaaminiwa lori! Inaudhi, jamani.

Alikaza upya mikanda yote minne, akaitia kufuli, wakaondoka.

Mbele kidogo harufu ya udongo mbichi ikajaa kabini, ingawa nje kulikuwa na jua kali na vumbi. Kisha nyuma yao ikasikika ratcheti, kile chuma cha kukazia mkanda, ikifunguliwa, ka, ka, ka, taratibu, kwa mkono usio na haraka. Winfrida alisimamisha lori karibu na Kiroka. Mikanda yote ilikuwa imekunjwa. Kufuli zilipangwa juu yake, zikiwa bado zimefungwa.

Alikuwa na mnyororo mmoja chini ya kiti, wa kwake mwenyewe. Aliutoa kwa hasira, akauzungusha mara mbili, akaning'inia kwenye wenzo wa kukazia mpaka viganja vikachubuka, na alipogeuka tu kujifuta jasho akasikia mnyororo ukiteleza nyuma yake, pingili baada ya pingili, na hakuthubutu kutazama, kwa sababu kuna mtu alikuwa anapumua karibu na sikio lake, pumzi ya baridi yenye harufu ile ile, na Pazi, aliyesimama mbele yake akitazama juu ya bega lake, alikuwa analia bila sauti.

"Mjomba, kuna nini?" alinong'ona.

"Mti si wangu," Pazi naye alinong'ona. "Ulikuwa makaburini, kwa ukoo wa baba. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama. Kwa baba sina haki ya kurithi. Nilimdanganya tajiri kwamba nimerithi."

"Na umekaa kimya toka asubuhi unaniangalia nahangaika na mikanda!"

Winfrida akampigia simu tajiri. Jibu lilikuwa fupi: mzigo ufike mjini, ama sivyo ufunguo aukabidhi yadi ya Mikese leo hii. Alitukana kimoyomoyo, akageuza lori.

Njia nzima ya kurudi gogo halikufungwa na kitu chochote, na halikusogea hata inchi moja. Pazi aliomba kushuka Mkuyuni ajisaidie. Hakurudi tena.

Matombo alipokewa na Bibi Maimuna, shangazi yake Pazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Teremsheni."

Watu wa ukoo walipolishusha gogo, bibi alinyunyiza unga wa mtama akisema maneno ya chini kwa Kiluguru. Kisha akauliza, "Aliyeuuza yuko wapi?"

"Amekimbia."

Bibi alikunja uso. "Alitakiwa aje kuomba radhi mwenyewe. Mti tumeupokea, mwanangu. Lakini aliyekuwa anaulinda hatuwezi kumtuliza sisi."

Alasiri Winfrida alikabidhi ufunguo Mikese. Jastin, dereva mpya, aliupokea akapanda. Winfrida alikaa kwenye tairi bovu, akalia kwa uchungu, miaka sita imekwenda na maji. Injini iliwaka, ikazimwa. Jastin akashuka.

"Dada, huyu mzee hashuki?"

"Mzee gani?"

"Huyo wa kiti cha katikati. Nimemwamkia, hakuitikia. Anasema tu hatoki mpaka Pazi aje." Jastin akamnyooshea ufunguo. "Hebu kazungumze naye wewe. Pazi ndiye nani?"

Winfrida aliutazama ufunguo aliokuwa akiulilia, akaificha mikono yake mgongoni.