Tanga la Nyuma

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, saa kumi na dakika ishirini jioni, tanga dogo lilijaa upepo katika ua mmoja wa mtaa wa Ruashi, mbali na maji, na upepo haukuwapo. Matanga mengine mawili yalining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Vumbi la malori lilikuwa limesimama hewani. Hili dogo peke yake lilivimba, likielekea nyumba.

Gracia aliangalia tena mchoro wake. Alikuwa amesomea uhandisi na hakupenda jambo lisilo na sababu. Mashua ya baba yake, Léonard, ilikuwa ya zamani, ya faiba nene, yenye milingoti miwili: mkubwa karibu na katikati, mdogo nyuma kabisa, hata nyuma ya usukani. Wafaransa huiita yawl. Tanga la mlingoti mdogo halisukumi sana; kazi yake ni kushikilia. Mengine yakishushwa, lenyewe huituliza mashua, pua ikitazama upepo.

Léonard, fundi wa matangi ya faiba, aliinunua ikiwa gamba tupu, akaitengeneza uani ili aipeleke Ziwa Moero kabla ya mvua. Majirani walimwita kapteni wa mavumbi. Mkewe, Michelle, hakucheka. Alifariki mwezi wa tano akimwita mumewe, naye alikuwa ndani ya mashua akipiga msasa, hakusikia. Baada ya maziko Léonard aliwarudisha makwao ndugu za marehemu. Kilio kinamchelewesha, alisema. Siku ya kukiondoa haikuwekwa.

Tangu Jumanne ile baba aliacha kula. Kila jioni alipanda, akakaa chini ya tanga dogo, akashuka akinuka makaa na kahawa ya kilio, na mashavu yake yakazidi kubonyea. Gracia aliogopa kumpoteza na yeye. Ijumaa alimwita Adolphine, dada mkubwa wa mama yake, ambaye aliushika upindo wa tanga, akauliza kitambaa kimetoka wapi. Gracia alijibu kwa sauti ya chini kwamba ni turubai ambalo walikaa chini yake wakimlilia mama. Alilipima na kulikata mwenyewe. Lilitosha kabisa.

"Mulikata bâche ya kilio, na kilio haiyaisha," Adolphine alinong'ona. "Michelle angali anaikala pale chini. Anangojea bantu."

"Tufanye nini, mama mukubwa?"

"Fungua nyuzi zote. Tutaitandika chini, tutalia vile inapashwa, ndio atatoka. Lakini fanya mbio. Angalia papa yako."

Léonard aliwasikia kutoka juu. Alisema kwamba bila tanga lile hii si yawl tena, iko bassin ya kufulia, na lisiguswe.

Jua lilipogusa ukuta Gracia alipanda na mkasi, akakata uzi wa kwanza, na kitambaa kikapata joto mikononi mwake kama paji la mgonjwa, na chini yake wakaanza kulia wanawake, si kwa nguvu, kwa ile sauti ya alfajiri ya watu waliokesha, na kadiri alivyokata ndivyo tanga lilivyozidi kuinama juu ya baba yake, likamfunika mabega, likamfunika kichwa, mpaka akaona upande wa pili wa kitambaa umbo la mtu wa pili aliyeketi ubavuni mwake, mkono umeshika mkono.

"Papa, shuka. Nakuomba."

"Niache, mutoto wangu," alisema Léonard polepole. "Leo anapoita, ninasikia."

Uzi wa mwisho ulikatika. Kilio kilinyamaza mara moja. Gracia alivuta vipande, akamkuta baba yake ameketi wima, macho wazi, vidole vimekunjwa juu ya kitu kisichokuwapo, na mwili umeshapoa.

Asubuhi yake alivitandika vipande vile uani, akavipanga kingo kwa kingo kama vilivyokuwa kabla ya mkasi wake. Kisha akawapigia simu ndugu za mama yake, wale waliofukuzwa, mmoja mmoja, akawaomba waje kumaliza kilio. Hakuwaambia kwamba wangekuta wawili wa kulilia.