Jirani Aliyeziba Dirisha

Yaretzi alikuwa akipasha moto chapati za mahindi, na bibi yake Eufrosina akimbembeleza mdogo wake Nico, waliposikia kishindo kikubwa upande wa stesheni ya treni. Vioo vilitikisika. Kila mtu katika jengo lao pale Jiji la Meksiko alifanya alichozoezwa tangu utotoni: alitimka mbio hadi uani, akasimama mbali na kuta.

Lakini safari hii halikuwa tetemeko. Redio ya Ramiro, fundi viatu, ilitangaza kwamba magaidi wamelipua bomu lililochanganywa na unga wenye mionzi ya nyuklia. "Ingieni ndani. Fungeni milango na madirisha. Msitoke mpaka mtangaziwe."

"Ndani? Thubutu!" Bibi alifoka huku akimkumbatia Nico. "Dada yangu alibaki ndani mwaka ule wa tetemeko, jengo zima likamwangukia. Siingii ng'o!"

"Hawa wa serikali wanatuficha kitu," Ramiro akadakia. "Na yule je? Hebu mtazameni!"

Ghorofa ya kwanza, Leobardo, mpangaji mgeni asiyezoeana na mtu, alikuwa akiziba dirisha lake kwa utepe wa gundi.

"Amejuaje mapema hivyo?" Ramiro alipaza sauti. "Huyo ni mwenzao hao magaidi!"

Watu wakapanda ngazi kwa hasira. Yaretzi aliwafuata. Naye alimshuku, maana mtu huyo hakuwahi hata kumsalimia. Ramiro alipoanza kuupiga mlango mateke, Yaretzi alijipenyeza mbele.

"Mjomba Leobardo, umejuaje?"

"Nimesikia redio, kama ninyi!" sauti ilijibu kutoka ndani. "Mnafanya nini huko nje? Si mna mtoto mchanga?"

Yaretzi alichungulia chini. Bibi alikuwa bado uani na Nico, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka stesheni. Akashuka mbio.

"Bibi, tuingie!"

"Nimeshasema siingii."

"Tetemeko huangusha nyumba, ndiyo maana tunatoka. Hili ni vumbi, Bibi. Hapa hatuna hata paa!"

"Na kama wanatudanganya?"

"Basi tutakuwa tumekaa ndani bure. Na kama ni kweli? Nico si anavuta hewa hiyo hiyo?"

Bibi alimtazama mtoto, machozi yakamlengalenga. Akaingia ndani. Majirani wakafuata mmoja mmoja, Ramiro wa mwisho, bado ananung'unika. Kama redio ilivyoelekeza, walivua nguo za juu mlangoni, wakazifunga kwenye mifuko ya plastiki, kisha wakaoga kwa sabuni.

Kesho yake wanajeshi waliovaa mavazi meupe walikuja na vipimo vya mionzi. Uani vipimo vililia mfululizo. Vyumbani vilinyamaza, na Nico alipopimwa alikutwa salama.

Bibi akamburuta Ramiro hadi kwa Leobardo. Mlango ulifunguka kidogo tu.

"Mmekuja kubisha hodi au kuvunja?"

"Kuomba radhi, mwanangu," Bibi alisema. Ramiro aliinamisha kichwa.

Waliporudi chumbani, Bibi alimketisha Yaretzi kando yake.

"Kushuku si kosa, mjukuu wangu. Ramiro na wenzake walishuku wakapiga mateke. Wewe ulishuku, ukauliza, ukasikiliza jibu. Mwaka ule, kukimbilia nje kuliniokoa. Jana nusura nimwangamize Nico kwa kukimbilia huko huko, tena nikiwa nimemkumbatia."