Mtangazaji Aliyesoma Kibao Bila Kukosea

Jumanne, tarehe tisa Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, na watu waliosubiri mabasi walijibanza chini ya paa la duka la miwani. Wengine waliingia ndani kabisa, wakakaa kwenye benchi na kujifanya wana shida ya macho.

Fundi wa miwani alikuwa akikaza skrubu aliposikia sauti mlangoni. "Samahani, tunapita."

Mkono wake ukasimama. Sauti hiyo ilikuwa ikiingia sebuleni kwao kila saa mbili usiku alipokuwa kijana, na baba yake alinyamazisha nyumba nzima ili aisikilize taarifa ya habari. Halafu jioni moja akatokea mtangazaji mwingine, na huyu hakuonekana tena. Wapo waliosema ameolewa ng'ambo. Wapo waliomzika kabisa. Na sasa alikuwa amesimama hapa, gauni la kijani, kilemba cha rangi ya maziwa, ameshikana mkono na mama yake mdogo.

"Ni wewe?" fundi aliuliza.

"Inategemea unamtafuta nani."

Benchi zima likacheka.

"Ulipotelea wapi, dada yangu?"

"Sikupotea. Nyumbani wananiona kila siku."

Mama mdogo alipimwa kwanza. Alisoma herufi za kibao cha ukutani moja moja kwa sauti, akikosea na kurudia kila fundi alipomsahihisha. Alipomaliza akamsukuma binti wa dada yake. "Na wewe kaa."

"Mimi naona vizuri, mama."

"Kaa, nimesema!"

Akakaa, akazitaja herufi zote mpaka mstari wa mwisho, kwa sauti ile ile ya habari, bila kukwama.

"Mungu akutunzie," fundi alisema. "Una macho ya mwewe."

Kesho yake fundi alipiga simu kuuliza kama miwani ya mama mdogo inabana. Siku iliyofuata akapiga kuuliza tena.

"Fundi, kinachobana ni masikio ya mama au moyo wako?"

"Moyo, dada. Naomba uulegeze."

"Basi usiniite dada."

"Nikuiteje?"

"Tafuta jina. Wewe si fundi?"

Akamwita Laazizi. Wakawa wanaongea kila jioni, na kila jioni fundi hakuacha kuuliza: kwa nini aliacha televisheni?

"Nilichoka kupakwa poda," mtangazaji alijibu, kisha akageuza mazungumzo. Fundi alicheka, lakini udadisi ulibaki umemkaa kooni. Kabla ya kulala alipopiga magoti kusali, jina la mwanamke huyo lilitangulia la kwake.

Jumatano moja fundi alikuwa akipita mbele ya duka la dawa na dada yake, ambaye ndiye aliyepokea wateja dukani. Alikuwa amemsimulia mengi. Mara akamwona Laazizi akija, akapunga mkono, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Mtangazaji aliinua uso, akamtazama moja kwa moja, akapita.

"Huyo ndiye mchumba?" dada alisema. "Kakupita kama nguzo ya umeme."

Maneno hayo yalimchoma. Mtu mwenye macho yale angeshindwaje kumwona? Simu ilipoita hakupokea. Usiku alisali, lakini sala yenyewe iligeuka mashtaka.

Jumamosi mtangazaji alikuja mwenyewe na mama mdogo. Benchi lilikuwa limejaa. Dada wa fundi akabinua midomo.

"Nimekukosea nini?" mtangazaji aliuliza. "Simu hupokei."

"Jumatano nilikupungia mkono mpaka bega likauma. Ulinitazama usoni, ukapita. Sema tu kwamba mtu wa televisheni anaona aibu kuonekana na fundi."

"Sikukuona."

"Wewe? Uliyesoma kibao kizima?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Au siku hizi hata kibao hukioni?"

Kiburi kikampanda mtangazaji. Akakaa kwenye kiti, akanyoosha shingo, akauelekea ukuta na kuanza kutaja herufi, kuanzia ile kubwa ya juu mpaka zile ndogo za chini. Alimaliza kwa tabasamu la ushindi.

Kibao cha zamani kilikuwa kimechakaa, na jana yake fundi alikuwa ametundika kipya.

"Laazizi," alisema taratibu, "ukutani kuna namba tupu."

Tabasamu likazimika. Mtangazaji alifunika uso kwa viganja.

"Nilizishika mama mdogo alipozisoma," alisema. "Ndivyo nilivyofanya kazi mwishoni. Maandishi ya kwenye kamera yalipoingia ukungu, nilimwomba mwenzangu anisomee habari chumba cha kupodolewa, nikazihifadhi kichwani. Jioni moja wakabadilisha habari dakika ya mwisho. Waziri alikuwa amejiuzulu, mimi nikampeleka ziarani."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akajiziba mdomo.

"Niliondoka kabla hawajajua sababu."

Fundi alipiga magoti mbele yake, akawasha tochi ndogo, akaangalia jicho moja, kisha la pili. "Naona kama mtoto wa jicho, pande zote mbili. Hii si kazi ya miwani. Ni ya daktari wa upasuaji."

"Najua. Baba yangu alipasuliwa, akatoka haoni hata mwanga. Tangu hapo nikisikia harufu ya hospitali miguu inakataa." Machozi yalimdondoka. "Nilitaka unipende kabla hujajua. Nani anataka mke wa kushikwa mkono?"

"Mimi." Fundi alizima tochi. "Macho yako siwezi kukuahidi, yapo mikononi mwa Mungu na daktari. Lakini nakuomba uwe mke wangu leo, wakati namba zile huzioni. Sisubiri jibu la hospitali."

Mama mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Dada wa fundi alizunguka meza na kumkumbatia mgeni. "Wifi, nisamehe. Nilikuita mwenye maringo."

Mtangazaji alisimama. Aligeukia benchi, ingawa nyuso zile kwake zilikuwa madoa ya rangi tu.

"Ninyi mnaonisikia ni mashahidi," alisema. "Jumatatu nakwenda hospitali, na huyu atanishika mkono. Nikitoka naona, nikitoka sioni, nitakuwa mkewe. Na kuanzia leo, nisipoona, nitasema sioni. Naahidi."