Pipa la Maji ya Mbetula

Kila asubuhi kabla ya shule, Nadine alizungukia miti kumi na miwili ya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye maji matamu, nyuma ya nyumba yao, kando ya mto Yukon huko kaskazini. Alishusha ndoo zilizotundikwa chini ya mirija midogo iliyopigiliwa mashinani, akamimina maji ya miti katika pipa lililozikwa thelujini. Koba, mbwa mzee wa babu yake, alimfuata mti hadi mti. Jumamosi shangazi Lorna angeyachemsha maji hayo. Ndoo mia hutoa ndoo moja tu ya shira, na shira ya mwaka huu ilikuwa ya karamu ya kuondoa matanga ya mama yake Nadine.

Jumatano, Nadine aliikalia ndoo moja ikapasuka. Alijua atagombezwa. Basi akaificha, akachukua nyingine bandani, ile iliyokuwa na dawa ya rejeta inayozuia injini kuganda wakati wa baridi. Aliisuuza mara moja tu, akaitundika.

"Nani atajua?" alijiambia.

Alhamisi aliimimina pipani pamoja na nyingine. Mabaki ya chini ya ndoo hiyo alimpa Koba, naye akayalamba yote.

Aliporudi kutoka shuleni alimkuta Koba anapepesuka na kutapika.

"Mzee huyu kaokota uchafu jalalani," alisema shangazi Lorna. "Tamaa itamuua."

Nadine akaikumbuka ile ndoo ya rejeta. Kisha akamwona babu Wilfred akitoka kwenye pipa, kikombe kimejaa mkononi.

"Leo mgongo umenibana," babu alisema. "Acha nionje maji ya mti, yanisafishe damu."

"Babu, usinywe!" Nadine alipiga kelele, akakipiga kikombe kikaanguka. "Nimetia sumu! Ile ndoo ya rejeta, babu, nimeitundika mimi!"

Shangazi alishika kichwa. "We mtoto! Ungetuzika wote?"

Babu alilifunga pipa kwa kifuniko na kamba, asije mnyama mwingine akanywa. Koba alikufa kesho yake asubuhi. Nadine alilia mpaka sauti ikakauka. Wiki hiyo hiyo machipukizi yakafunguka, maji ya miti yakawa machungu. Msimu ukawa umekwisha.

Siku ya karamu wageni walikula samaki, wakaletewa mikate bila shira. Bibi mmoja kutoka kijiji cha chini akauliza, "Lorna, mama wa mtoto huyu alipenda shira kuliko sisi sote. Iko wapi? Mwaka huu mmeshindwa kuchemsha?"

Shangazi aliinamisha macho. Nadine alisimama.

"Shangazi hakushindwa. Maji ya miti niliyatia sumu mimi. Nilivunja ndoo, nikaogopa kusema."

Babu alikuja akasimama karibu naye, akamshika bega.

"Mjukuu wangu, kwa ndoo iliyopasuka ningekugombeza dakika mbili, kisha tungekunywa chai," alisema. "Ulipoificha, nilimpoteza Koba, na mama yako amekosa shira yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukivunja kitu, uje uniambie siku hiyo hiyo, hata kama nimekasirika. Hasa kama nimekasirika."

"Nitakuja, babu," alisema Nadine.

"Haya. Kaa hapa, ule mkate wako mkavu kama sisi."