Mlango Usiopigwa Picha

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa, mwisho wa kiangazi, joto lilipokuwa limewabana watu hata ndani ya nguo zao. Mchana mmoja lifti ya jengo refu la maofisi ilikwama katikati ya ghorofa mbili, nayo imejaa watu kama njiti ndani ya kibiriti. Miongoni mwao alikuwamo dalali wa nyumba, binti wa gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka. Wafuasi wake wa mtandaoni walimwita Bi Mwanga, kwa kuwa kila video yake aliianza kwa kufungua dirisha na kusema, "Hebu tazameni mwanga huu!"

Wenzake walipokuwa wakimwomba Mungu, yeye alikuwa mubashara mtandaoni.

"Dada mwenye simu!" Sauti ya kiume ilipenya kwenye ufa wa mlango. "Ukimaliza kuwaaga mashabiki, sogea nyuma nifungue."

"Wewe nani?"

"Fundi wa lifti."

"Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nakutazama. Mlinzi amenionyesha kwenye simu yake. Unasema utakufa ukiwa mrembo. Kufa sikubali, urembo sina ubishi nao."

Lifti nzima ikacheka. Mlango ulipofunguka, alitokea kijana wa ovaroli ya kijivu, grisi imemchora kwenye paji la uso, akanyoosha mkono. Dalali angeweza kupanda mwenyewe. Akaushika.

Tangu hapo simu hazikulala. "Umekula, mwanga wangu?" "Nitakulaje nawe hujanipigia?" "Basi tafuna, nakusikiliza." Haukupita muda, fundi akampeleka kwa dada yake, mshonaji wa sare za shule, aliyepanga chumba na sebule katika sehemu ya chini ya nyumba ya ghorofa moja yenye geti jeusi. Cherehani ilinguruma, chai ilikuwa ya moto, lakini mapazia yote yalikuwa yamefungwa.

"Dada yangu, mbona unauzuia mwanga kuingia?" dalali aliuliza.

"Macho yangu hayapendi jua, mdogo wangu."

Fundi akainamia kikombe chake. Dalali aliliona hilo, asiliulize.

Mwenye nyumba ile alipompa kazi ya kuipangisha ghorofa ya juu, dalali alifurahi kama aliyepewa zawadi. Aliomba ruhusa ya mwenye mali. Ya wapangaji hakuiomba, maana ofisini kwao neno la mwenye mali lilitosha. Akapiga video: geti, ngazi, kisha ua, ambako mshonaji alikuwa akianika sare. "Na majirani wenyewe ndio hawa, watulivu!" alisema, na uso wa mshonaji ukageukia kamera kwa kitambo cha kupepesa jicho. Mwisho, kama ilivyo desturi ya madalali, akaweka alama ya ramani ili wateja wasipotee.

Kweli hawakupotea. Baada ya siku chache mteja mmoja alipiga simu, sauti yake laini kama hariri. "Mke wangu anaipenda sana nyumba ile. Naomba niione leo." Alifika amevaa suti na tai. Dalali alimfungulia geti kwa mkono wake mwenyewe, akatangulia kupanda ngazi. Alipogeuka nyuma hakumwona mtu. Mteja alikuwa amesimama chini, anaugonga mlango wa mshonaji.

Ukelele ulitoka ndani. Majirani walikuja mbio, na yule bwana akaondoka taratibu, akiirekebisha tai.

"Ahsante, dada," alisema. "Nimemtafuta mke wangu kwa muda mrefu."

Jioni simu iliita.

"Wewe ndiye uliyemfungulia?" Fundi hakumwita mwanga wangu.

"Alisema ni mteja, mpenzi. Ningejuaje? Hukuniambia kama dada amemkimbia mtu!"

"Siri ile haikuwa yangu. Mumewe alimvunja mkono, ndiyo maana akakimbia. Lakini kumpiga picha, ulimwomba ruhusa nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba halali mle."

Simu ikakatwa.

Kuanzia siku iliyofuata gari la yule bwana liliegeshwa mbele ya geti jeusi. Polisi waliandika maelezo, wakasema kuegesha gari si kosa. Mshonaji akawa mfungwa wa nyumba yake, cherehani kimya, asithubutu hata kuanika nguo. Na angehamia wapi, ikiwa kila chumba kinachopangishwa mjini kinatangazwa mtandaoni, na mwindaji ana simu?

Dalali naye alikuwa amebanwa. Ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa mali ya ofisi.

"Video ile haifutwi," alisema mkurugenzi. "Imetuletea wateja wengi kuliko zote."

"Bosi, kuna mtu anawindwa kwa sababu ya video hiyo."

"Sisi tunapangisha nyumba, binti. Ukiifuta, acha kitambulisho mezani."

Kuta za ofisi zilikuwa za vioo visivyofunguka. Kwenye runinga ya ukutani sura yake mwenyewe ilikuwa ikicheka, ikiwaalika watu waje watazame. Dalali aliisogelea kompyuta. Akaketi, akaifuta video mbele ya macho ya bosi wake, kisha akaandika: "Nilionyesha makazi ya watu bila ruhusa ya wanaoishi humo. Ni kosa langu." Akavua kitambulisho.

Alimpigia fundi mara nyingi kabla hajapokea.

"Nimeifuta."

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Najua. Sikupigii ili niyazoe. Dada ahamie kwangu. Chumba changu sijakipiga picha hata siku moja. Dirisha linatazama ukuta, nilikuwa nakionea haya. Mwenye nyumba nimemwomba, na jirani pia."

"Na wewe?"

"Nitarudi kwa mama. Ataniua kwa maswali tu."

Mchana wa siku iliyofuata, mafundi wawili wa ovaroli na kofia ngumu waliingia geti jeusi na sanduku la vyuma. Baadaye wawili walitoka, fundi wetu na mwenzake mwembamba, wakapita ubavuni mwa lile gari. Bwana wa tai hakuinua macho. Alikuwa akimngoja mwanamke. Aliyebaki ndani alitoka jioni, akipiga mluzi.

Dalali aliwangoja mlangoni pa chumba chake, begi lake miguuni.

"Nimekukasirikia mpaka nimechoka," fundi alimwambia.

"Pumzika, basi."

"Nilipanga nikuoe, uje ukae kwetu. Sasa sisi ndio tunahamia kwako. Posa gani hii?"

"Mwambie mama, ukiweza maswali yake." Alicheka huku machozi yakimtoka.

Lakini mshonaji alikuwa bado kizingitini, mikono ya ovaroli imemfunika hadi vidoleni. Dalali akapiga goti, akamwekea ufunguo kiganjani kwa mikono miwili.

"Dada, nilikunyang'anya mlango wako. Huu ndio ninaoweza kukulipa."

Mshonaji alichungulia ndani, akalitazama dirisha lililozibwa na ukuta.

"Hamna mwanga humu."

"Hamna, dada."

"Afadhali, wifi yangu."

Akaingia. Walio nje wakausikia ufunguo ukizungushwa kutoka ndani, mara ya kwanza, kisha mara ya pili.